Mikia ya Ua la Mwamba Unaolia

Saltillo, 4 Juni 1971

Shangazi Eustolia,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu najua barua isiyo nayo utaitumia kuwashia jiko. Mimi ni mzima. Jibini la mbuzi ulilompa Abundio wa lori limefika, na nusu yake niliimaliza nikiwa bado nimesimama mlangoni. Nakushukuru sana. Doña Celsa, mwenye nyumba wangu, anapika maharage yasiyo na pilipili hata ya kusingiziwa. Nilipolalamika aliniambia nirudi kwetu milimani nikale moto. Niambie mguu wa Doña Tomasa unaendeleaje, na kama yule mbuzi mweupe alizaa salama.

Kazi yangu bado ni ile ya kubandika. Watu wanaleta mimea waliyoikausha kutoka kila pembe ya kaskazini, mimi naipanga juu ya karatasi ngumu, naitia gundi, na pembeni nabandika kijikaratasi chenye jina la mmea, mahali ulipoota, tarehe na jina la aliyeuchuma. Kisha inaingia kabatini, karatasi juu ya karatasi, kama nguo za marehemu.

Sasa nisikilize vizuri. Mkuu wetu, Mwalimu Galindo, anaandika kitabu juu ya maua ya aguileña, yale ambayo huko kwetu tunayaita hereni. Juma lililopita nilikuwa nabandika moja la manjano lililotoka upande wa Monterrey. Unaijua ile mikia mitano inayoning'inia nyuma ya ua? Ya hili ilikuwa mifupi, kama kidole changu kidogo. Mdomo wangu ukaniponyoka, nikasema kwamba ya kwetu ni mirefu mara mbili. Chumba kizima kikageuka kunitazama. Mwalimu hakukasirika, alitabasamu tu, akasema, "Binti, mtu akiwa mdogo hata kuku ni mkubwa." Halafu akanieleza kwamba lipo kweli ua la aina hiyo lenye mikia mirefu ajabu, ila linaota mahali pachache sana, na kutoka milima yetu hakuna aliyewahi kulileta. Nikilileta ataniamini. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa Novemba.

Mimi ruhusa sina, na kuja huko na kurudi ni siku nne. Ni wewe tu, Shangazi. Ung'oe mche mzima, wenye mzizi, majani na ua. Uulaze katikati ya magazeti, juu uweke ubao na jiwe, na kila siku ubadilishe gazeti mpaka ukauke. Na uniandikie mahali ulipouchuma: ni jiwe gani, ni kivuli au jua, maji yako umbali gani.

Mwanao,
Delfina

Encinal Alto, 27 Juni 1971

Mwanangu Delfina,

Marahaba. Sisi tupo, tunashukuru Mungu. Mguu wa Tomasa umepona, ila ulimi wake ndio umevimba, kutwa anazozana na mkwewe juu ya nani aliyeunguza tortilla. Mbuzi mweupe alizaa mapacha na mmoja nimempa jina la mwenye nyumba wako, kwa vile naye hapendi pilipili. Mvua hakuna. Mahindi ya Don Melquíades yamefika magotini na yamekwama hapo.

Mwambie Mwalimu wako kwamba hereni halifunguki kwa amri ya Saltillo. Linangoja mvua ya Julai ishuke ndani ya mwamba na kutokea upande wa pili. Mwezi mmoja baadaye ndipo utaona manjano. Kwa hiyo asubiri, na wewe pia usubiri.

Mengine uliyouliza nayajua bila kupanda. Haliko popote ila pale Mwamba Unaolia, upande usiopigwa na jua hata saa sita. Jiwe ni lile jeupe la chokaa, maji yanalichuruzikia mwaka mzima, na mizizi imeingia kwenye nyufa ambazo hata kisu hakipenyi. Jirani zake ni zile nyasi laini za kivulini zenye vijiti vyeusi, na juu yake mialoni. Majani yake ni matatu matatu, rangi yake kijani cha kupaukia kibuluu, na ukiyamwagia maji hayalowi, matone yanaviringika na kuanguka. Nyuma yana manyoya laini kama sikio la mwanambuzi. Ua lenyewe halitazami chini kama mtu mwenye aibu. Linatazama juu, na mikia inaning'inia nyuma yake. Likishakauka linaacha vifuko vitano vilivyosimama pamoja, na ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa. Mara tatu nimejaribu kuliotesha hapa uani, kando ya mtungi unaovuja. Mara tatu limekufa, na mara ya tatu nililia, sikufichi.

Umeandika ukurasa mzima juu ya magazeti na ubao, na mistari miwili juu yako. Nimekulea tangu una miaka minne. Ukificha kitu mwandiko wako unalala upande, na katika barua hii umelala kabisa. Kuna nini?

Shangazi yako,
Eustolia

Saltillo, 16 Julai 1971

Shangazi,

Shikamoo. Mzima, sina homa, sina mchumba, sijaibiwa. Doña Celsa amefurahi kusikia ana wajina, hajui kama ni mbuzi.

Umenibana, basi nasema. Mkataba wangu unaisha Desemba. Baada ya hapo kuna nafasi moja tu, nayo si ya kubandika. Ni ya kwenda milimani kukusanya mimea, kazi ambayo ningeifanya hata bila chakula cha mchana. Tunaitaka wawili, mimi na kijana mmoja anaitwa Rogelio ambaye tayari ana karatasi kumi na nne kabatini zenye jina lake. Mimi sina hata moja. Hereni la kwetu likiwa ni lile la mikia mirefu, nitakuwa na moja inayozidi zake zote. Likiwa si lenyewe, nitakuwa yule msichana wa milimani aliyesema uongo mbele ya watu.

Sikutaka ulibebe jambo hili. Nisamehe.

Delfina

Encinal Alto, 17 Agosti 1971

Mwanangu,

Marahaba, na usiombe msamaha kwa kuniambia ukweli, uombe kwa kuuchelewesha. Mvua imekuja. Paa la kanisa linavuja palepale, juu ya kiti cha Tomasa, naye anasema ni njama.

Nimekuchumia juzi, alfajiri ya sikukuu ya Bikira kupalizwa mbinguni, nilipopanda na wanawake wenzangu kuchuma maua ya altare kama kila mwaka. Nimechagua kumi na mawili, mazuri kuliko yote. Yako nimeyachuma kwanza, ya Bikira baadaye, na nimeshaungama. Nimeng'oa na miche miwili yenye mizizi. Yote nimeyasafisha vizuri kwa mikono yangu, nikayalaza ndani ya magazeti kama ulivyosema. Hayajakauka sawasawa lakini Abundio anaondoka leo, harudi tena mpaka baada ya siku kumi na tano. Ubadilishe magazeti yakifika.

Nakushukuru kwamba uliniomba mimi. Ni siku nyingi hakuna mtu aliyenituma kitu kingine zaidi ya maziwa.

Eustolia

Saltillo, 2 Septemba 1971

Shangazi Eustolia,

Shikamoo. Kifurushi kilifika jana. Nilikifungua mezani mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujisifu.

Shangazi, umeikata mikia. Maua yote kumi na mawili, na yale yaliyokuwa kwenye miche pia, umeyakata mikia kwenye shina kabisa kama mtu anayemenya maharage. Mwalimu aligeuza moja, akageuza la pili, akaliweka chini, akarudi mezani kwake. Rogelio ndiye aliyesema. Alisema labda kwetu kuku nao hawana mikia. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, na huko kucheka ndiko kulikoniuma zaidi.

Sikukwambia usikate kwa sababu sikufikiri mtu anaweza kukata. Mkia ndio kila kitu. Majani ni yale yale, rangi ni ile ile, kinacholitenganisha na lile la Monterrey ni urefu wa mkia peke yake. Mwishoni mwake kuna asali, na inasemekana yuko nondo mmoja tu mwenye ulimi wa kufika huko. Bila mkia nina karatasi za manjano, basi.

Nilikueleza gazeti, nikakueleza jiwe. Umri wote huo uko karibu na ua hilo, ulikuwa unatazama nini?

Naipeleka barua hii posta sasa hivi kabla sijaichana.

Delfina

Saltillo, 5 Septemba 1971

Shangazi, nimeandika kwa hasira. Ulipanda mlima kwa ajili yangu na sikusema hata asante. Asante. Uliponipokea nikiwa na viatu vya marehemu baba mkononi sikusema asante pia, nilikuwa mdogo. Sasa sina udhuru. Usipande tena, maua yatakuwa yameisha. Niandikie tu.

D.

Encinal Alto, 9 Oktoba 1971

Mwanangu Delfina,

Marahaba, mara mbili, kwa barua mbili. Usijali mwandiko, penseli ni butu. Huku sote wazima. Celsa ameachishwa kunyonya. Don Melquíades amevuna magunia manne na anatembea kama aliyevuna arobaini.

Umeniuliza nilikuwa natazama nini. Nilikaa na swali hilo siku tatu. Mama yangu alikata mikia, na mama yake pia. Ukiiacha, ile asali inadondoka, sisimizi wanapanda altare kwa mstari, wanaingia mpaka kwenye nguo ya Bikira, na padri ananung'unika. Hivyo sisi tukichuma hereni, mkono wa kushoto unashika shina na wa kulia unanyofoa mikia mitano kwa mkupuo mmoja, na mdomo unaendelea kupiga soga. Nilipokuandikia kwamba nimeyasafisha, hiyo ndiyo maana yake. Nilikuwa nakupa lililo bora. Mazoea yana taabu, mwanangu. Mkono ulifanya bila kuniuliza.

Katika kifurushi hiki kuna miche mitatu yenye maua manne, ya mwisho mwaka huu, kutoka ule ukingo wa juu ambako wanawake hatufiki. Mikia yote ipo. Niliipima kwa ile futi yangu ya kushonea kabla ya kulaza: mfupi una sentimeta kumi na mbili, mrefu una kumi na tatu na nusu. Nimetia na vifuko vya mbegu ndani ya bahasha.

Punda alitangulia kufika nyumbani. Hana adabu. Mengine hayana haja ya kuandikwa.

Eustolia

Saltillo, 26 Oktoba 1971

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimempa Abundio kopo la mafuta ya kuchua na kilo mbili za kahawa, na ole wako umgawie Tomasa yote.

Naanza na furaha, kwa sababu umeilipia. Mwalimu alifungua gazeti lako mwenyewe. Akachukua rula, akapima mara ya kwanza, akavua miwani akaifuta, akapima tena. Ni kumi na tatu na nusu, Shangazi, futi yako ni ya haki. Akawaita wote waje waone. Rogelio alitazama muda mrefu, kisha akaniomba radhi, na aliomba kiume, sina la kusema juu yake. Ndilo lenyewe la mikia mirefu. Litaingia kitabuni pamoja na mlima wetu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia, na nilikuwa nakulilia wewe.

Maana Abundio ameniambia. Penseli si butu. Mkono wa kulia umefungwa vijiti tangu mwisho wa Septemba na umeandika kwa wa kushoto. Punda alirudi peke yake na Don Melquíades akapanda kukutafuta. Kwa nini hukuniambia? Mimi nikificha mkataba unanisuta, wewe unaficha mfupa.

Jambo moja lazima nikuulize. Mwalimu amesema nafasi ya kukusanya inahitaji mtu aliye na mmea wake kabatini. Amenipa kijikaratasi kitupu, akaniambia niandike jina langu kwenye mstari wa aliyechuma. Ndiye mimi niliyeagiza, anasema, na ndivyo wengi wanavyofanya. Nikiandika, kazi ni yangu. Sijaandika. Niambie.

Delfina

Encinal Alto, 14 Novemba 1971

Mwanangu,

Marahaba. Kahawa nimegawa nusu, kwa kuwa Tomasa ndiye anayenisukia nywele siku hizi, na anavuta kwa hasira za mkwewe.

Ni kweli nilianguka. Nilipanda mchana baada ya kukamua, kwa sababu asubuhi nilikuwa nangoja ukungu uondoke. Maua nilikuwa nimeshayapata na kuyafunga vizuri kifuani, nikateleza wakati wa kushuka. Mkono ukalia kama kuni kavu. Punda akanitazama akaenda zake. Nikajikokota mpaka chini ya mwamba, nikaegemea pale penye maji, nikaomba dua, halafu nikatukana kidogo, halafu nikaomba tena.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sisi hupanda alfajiri na kabla ya jua kali tumeshashuka. Miaka sitini na minane naishi chini ya mwamba ule na sikuwahi kuwapo jua likizama. Ukingoni lilibaki ua moja nililokuwa nimeliacha. Rangi ya kila kitu ilipokuwa inapotea, lile ua lilibaki kuonekana, na likaanza kunukia, harufu ambayo sikuijua. Kisha akaja. Ni mkubwa kama kiganja cha mtoto, wa kijivu, hakutua. Alisimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma, akakunjua ulimi mrefu kama uzi unaotoka kwenye sindano, akauingiza katika mkia wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Hakuharibu kitu. Alipomaliza aliondoka na uso uliojaa unga wa manjano.

Niliona aibu, Delfina. Chakula chake nimekinyofoa miaka yote hiyo na kukitupa njiani. Na niliona furaha kuliko aibu. Melquíades aliponikuta nilikuwa natabasamu, akadhani nimegonga kichwa. Kama usingeniandikia ile barua ya ukali, ningekufa bila kumwona mgeni huyu anayekuja mlangoni kwetu kila jioni. Kwa hiyo usiombe tena radhi kwa barua ile. Naishukuru. Nimeitunza pamoja na vyeti vya ubatizo.

Juu ya kijikaratasi, unauliza nini? Andika jina lako. Mimi nitaipeleka wapi sifa ya kabatini? Mkono utaunga, kazi haitakungoja. Nakuamuru kama shangazi yako.

Eustolia

Saltillo, 5 Desemba 1971

Shangazi yangu Eustolia,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, baridi imeingia, na Doña Celsa hatimaye ametia pilipili kwenye maharage, moja, nzima, akaitoa kabla haijapasuka.

Nimekukaidi, na nataka usikie kutoka kwangu kabla Abundio hajafika. Niliketi na kile kijikaratasi siku mbili. Kila nikishika kalamu niliuona mkono wako wa kushoto ukiandika nambari kumi na tatu na nusu. Mwalimu nilimsomea barua yako, ile sehemu ya nondo tu. Aliniomba nisome tena taratibu ili aandike. Alisema wengi wanakisia kwamba yuko nondo wa namna hiyo, ila yeye hajawahi kupata maneno ya mtu aliyekaa akamwona kwenye mwamba wetu. Nikamwambia basi mtu huyo ndiye aliyechuma, na jina litakuwa lake.

Nafasi ya kukusanya amepata Rogelio. Inaniuma, sitakuongopea. Mimi wameniongezea mwaka mmoja wa kubandika, na Julai nina ruhusa ya siku kumi, ya kwanza. Nitakuja na ubao wangu na magazeti yangu. Tutapanda mchana, wewe juu ya punda na mimi nikishika kamba, tukae mpaka jioni unionyeshe. Langu nitalichuma mwenyewe.

Umenilea, umenisomesha, umenivunjikia mkono, na mimi miaka yote hiyo nimekulipa kwa salamu. Leo nimepata kitu cha kukupa. Nakunakilia kama kilivyo, kwa mwandiko wangu uliosimama wima:

Ua la manjano lenye mikia mirefu. Mwamba Unaolia, Encinal Alto, Coahuila. Kwenye nyufa za jiwe la chokaa linalochuruzika maji, upande wa kivuli, chini ya mialoni. Mkia: sentimeta 12 hadi 13.5. Hutembelewa na nondo jua linapozama, ameonwa na aliyechuma. Amechuma: Eustolia Rangel. Namba 1.

Kila mchumaji anaanza na namba moja, Shangazi, hata Mwalimu alianza nayo. Hii ni yako. Gundi imeshakauka, na kubandua siruhusiwi.

Mwanao,
Delfina